Mpira wa Breki Nilioufunga Tyubu

Bahati? Nani kasema bahati? Ndugu Lazaro, nimekusikia, usijifiche nyuma ya nguzo! Bwana asifiwe, na wewe unayebisha umsifu pia. Kama ni bahati, basi nisikilize mpaka mwisho, halafu urudie hilo neno!

Ndugu zangu, mnamjua kaka yangu Elia, dereva wa lori. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyenilea. Mtu akilisema vibaya lori la Elia, mimi napigana. Nimepigana Visiga, nimepigana Magindu. Ufundi sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kulala chini ya lori hilo hilo.

Sasa, kwenye gurudumu la mbele kuna mpira mfupi unaopitisha mafuta ya breki. Nikauona una nyufa. Mpya mpaka uende Dar es Salaam. Nikaona aibu, watu watasema lori la Elia bovu! Nikachukua ukanda wa tyubu ya baiskeli, nikauviringisha, nikaukaza sawasawa, kama tunavyofunga mpini wa jembe uliopasuka. Elia sikumwambia. Ndugu zangu, sikumwambia!

Jumapili ya mavuno kwaya yetu imeshapanda, tunakwenda Masaki, kule Kisarawe kwenye vilima. Akapita Mzee Shomari, jirani yetu, akainama kuchungulia gurudumu la mbele.

"Kijana, huyo mgonjwa umemfunga bandeji ya nini?"

"Shikamoo mzee. Huyo mzima."

"Marahaba. Mzima anafungwa?"

Kwaya ikacheka. Hasira zikanipanda! Nikashika kisu, nikaikata tyubu yote, nimwaibishe mzee wa watu. Nikapiga kelele, "Kaka, kanyaga breki!"

Elia akakanyaga. Mpira ukavimba kama koo la chura. Mara, paa! Mafuta usoni, mdomoni, machoni!

"Pedeli imezama, mdogo wangu," Elia akasema. "Mguu umefika chini."

Nilikaa vumbini najifuta mafuta. Kilima cha kwanza tu, tungekwisha wote. Nikamwambia Elia kila kitu mbele ya watu. Hakunipiga. Bora angenipiga.

Tukabadilisha mipira yote, hata ile iliyoonekana mizima, tukatoa upepo kwenye mafuta mpaka pedeli ikawa ngumu. Siku hizi kabla ya safari naingia chini, naukunja kila mpira kwa vidole natafuta ufa, Elia anakanyaga, mimi naangalia. Sifungi kitu tena!

Ndugu zangu, Mungu alichukua mdomo wa Mzee Shomari na hasira zangu mwenyewe, akatuokoa. Namshukuru! Mwamini huyo. Unachoficha, kiseme leo, kabla hujapakia watu.

Na wewe Lazaro, mkeo Marta alikuwa juu ya lori lile, mtoto wenu mgongoni. Bado ni bahati?