Sauti ya Mwalimu Kristiana

Ndugu Katibu Tarafa, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko, Mzee Halfani uliyetuletea familia yako kutoka mjini, walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi: wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Mmenisifu sana leo. Miaka ishirini na mitatu ya ualimu, mmesema, bila doa. Mniwie radhi, doa lipo, na siwezi kustaafu nalo kimya kimya.

Mnamkumbuka Mwalimu Kristiana, aliyefundisha darasa la tatu hapa mwaka sabini na sita. Alikuta watoto tisa wasiotaka kabisa kushika kitabu. Nyumbani kwao ni Kifipa, shuleni ni Kiswahili, na wakikosea neno wenzao wanacheka. Agnesi, binti wa Mama Dominika, kila kipindi cha kusoma alishikwa na tumbo, nami nilikuwa namchapa. Kristiana alikwenda kwa Mzee Halfani, akaazima tepurekoda, akasoma kitabu kizima polepole na kukinasa kwenye kaseti. Watoto wale wakawa wanaizunguka mashine, kidole juu ya neno, wakiifuata sauti, na palipowashinda wanarudisha nyuma bila mtu wa kuwacheka. Baada ya wiki sita, Agnesi alisahau tumbo.

Je, mimi mkuu wenu nilifanya nini? Niliposikia mkaguzi anakuja, niliifungia mashine kabatini. Nilimwambia Kristiana kwamba shule si kilabu cha pombe, na kwamba mtoto anayehitaji mashine ili asome hana kichwa cha kusoma. Hakubishana nami. Alisema tu, "Mwalimu, nipe hadi mwisho wa muhula."

Nilimnyima. Na muhula haukuisha akiwa hai. Alifariki akijifungua, yeye na mtoto wake, na mumewe, Ndugu Rafaeli, ameketi pale karibu na mlango.

Wiki ya mazishi Agnesi aliacha shule. Nilipanda lori hadi Kabwe, kule ziwani, alikokuwa kwa shangazi yake akianika dagaa. Nilibeba kitabu na ile tepurekoda, nikidhani nitamrudisha. Sauti ya mwalimu wake ilipotoka, Agnesi aliinama akalia, na mimi mtu mzima nikalia mbele yake. Kisha akasema, "Mwalimu, zima. Nitasoma mwenyewe."

Akasoma ukurasa mzima, hakukosa neno. Nilimsihi arudi nami. Akasema shuleni hakuna tena mtu wa kumrudia, akanikabidhi kitabu, akaenda kugeuza dagaa.

Mama Dominika, nilikutamkia kwa kinywa changu kwamba binti yako ni mzito wa kuelewa. Hakuwa mzito. Ndugu Rafaeli, mkeo aliniomba wiki tano tu zilizobaki za muhula, na nilikuwa nazo. Nawaomba msamaha mbele ya kijiji kizima, wala siwadai jibu leo.

Kaseti bado inasikika. Mwalimu Flavian, wewe unayeshika nafasi yangu, darasa la tatu waisikilize kesho asubuhi, mkaguzi awepo asiwepo.

Mmenivumilia hadi neno la mwisho. Asanteni sana.