Samaki wa Mti wa Eugene

Sogeeni wanangu, ila msinisogelee mno, maana nimegundua siku hizi kila anayeniinamia kunitengenezea mto, mkono mmoja uko kwenye mto na wa pili unapapasa chini ya godoro. Jeptoo, kifungua mimba wangu, kalia kiti cha mama yako. Fiona, ondoka dirishani, unanizibia theluji. Na wewe Duncan, simu hiyo ilaze kifudifudi. Mimi ni baba yako, si mahubiri ya kurekodiwa. Pumzi niliyo nayo inatosha kusema jambo mara moja, kwa hiyo atakayenikatiza atakuwa amekula urithi wa wenzake.

Tuanze na mali, kwa sababu ndiyo iliyowafanya nyote watatu mkaomba ruhusa kazini siku moja, muujiza ambao hata Krismasi haijapata kuufanya. Shamba la Kapsabet ni lenu sawa kwa sawa, na atakayeliuza kwa mtu baki nitamtokea ndotoni nikiwa na lile gauni la hospitali lililo wazi nyuma. Gari achukue Fiona, ambaye la kwake linakohoa kunishinda. Nyumba hii ya Brooklyn Park ni ya benki. Mkitaka kurithi, mwombeni benki awe baba yenu.

Limebaki moja, na ndilo linalonizuia kufa kwa heshima. Samaki wa mti.

Mnaona? Vichwa vitatu vimeinuka kwa pamoja. Basi ngojeni. Kabla sijasema yuko wapi, mtasikia alikotoka, na ninyi mlio na haraka mjue kwamba mimi nina haraka kuliko ninyi.

Mimi ni mtu wa ng'ombe. Babu zangu kule Nandi walimtazama samaki kama nyoka aliyekosa adabu. Nilikuja hapa Marekani nikawa nageuza wazee vitandani katika nyumba moja ya wazee huko Anoka, na huko ndiko nilikokutana na Eugene, Muojibwe, mmoja wa wenyeji wa asili wa maziwa ya kaskazini, aliyekuwa akija kumtazama kaka yake. Alinikuta nimekumbatia kipasha joto cha ukutani kama mchumba, akaniuliza kama nimewahi hata siku moja kukaa chini na baridi tukazungumza. Jumamosi iliyofuata akanipakia kwenye lori lake, tukaenda mwendo wa saa tatu, nikajikuta nimesimama juu ya ziwa, kwa miguu, kama Petro, tofauti ni kwamba Petro aliitwa na mtu aliyemjua.

Sisi baridi tunaikimbia, kutoka mlangoni hadi garini. Watu wale wanaifanyia kazi, nayo inawalisha. Shangazi yake Eugene alishona viatu vya ngozi kwa shanga, binamu zake walitwanga magogo ya mti wa kinamasi kwa kisogo cha shoka mpaka yakaachia tabaka kama kurasa, wakasuka vikapu. Eugene yeye alikuwa na kibanda cha giza. Ni kibanda cha mbao kisicho na dirisha, juu ya tundu lililokatwa kwa msumeno, kubwa kama hiyo meza ya dawa zangu. Ukifunga mlango, juu giza, chini mwanga: jua limepenya barafu, maji yanang'aa kijani, unahesabu kokoto. Wewe unaona, huonekani. Unamshusha samaki wa mti kwa uzi, ana risasi tumboni, mapezi ya bati, macho mekundu ya vichwa vya pini, unamchezesha taratibu, mkuki wa meno saba u mkononi, unangoja. Mara anakuja paiki, samaki mla wenzake, mrefu kama mkono, mdomo wa bata, meno ya mbwa, kuangalia huyu mgeni ni nani. Samaki yule wa mti alichongwa na baba yake Eugene, na paiki walimjia kama waumini.

Nilishuku kila kitu. Eugene aliweka tumbaku kidogo juu ya barafu kabla ya kuikanyaga, kushukuru. Nami nikakemea kwa jina la Yesu, kimoyomoyo, tena kwa Kinandi ili asielewe. Kila hatua tatu alipiga barafu kwa mtaimbo. Nikamwambia, jana si tulipita hapa hapa? Akasema, ile ilikuwa barafu ya jana. "Barafu ishuku, Alfred," akasema. "Mtu mwulize."

Akanipa jina, Makwa. Makwa njoo, Makwa kunywa chai. Mimi nikasikia mkwe. Nikajisemea, ahaa, mzee ana mpwa asiye na mke, na picha ya Fiona ameiona kwenye pochi yangu. Nilimkwepa msimu mzima, mwisho nikamwambia wazi kwamba kwetu binti mwenye diploma hatoki chini ya ng'ombe kumi na watano, na hapa sioni hata zizi. Alicheka hadi paiki wakahama. Makwa ni dubu kwa lugha yao, kwa ajili ya lile koti langu la manyoya. Kosa lile lingetosha kunifundisha kuuliza. Halikutosha.

Kwa maana kila mwaka, samaki wa kwanza wa msimu, Eugene alimfunga kwenye gazeti, akampakia kwenye lori asubuhi, akaniacha kibandani peke yangu mpaka jua linazama. "Wa kwanza si wetu," alisema, basi. Sikuuliza ni wa nani. Nilikaa gizani nikampikia kesi: anamuuza kwenye mkahawa fulani Roseville, ana mke wa pili, ana nini sijui. Mwaka wa saba yule wa kwanza nilimchoma mimi kwa mkono wangu, naye akamchukua vilevile. Lori lilipotoweka, nikamvuta samaki wa mti, nikamtia ndani ya koti, na Eugene aliporudi nikamwambia paiki mkubwa amekata uzi akaenda naye. Akaushika uzi. Wanangu, uzi uliokatwa na meno una nyuzinyuzi; wangu niliukata kwa kisu, ulikuwa safi kama nywele za bwana harusi. Akautazama, akanimiminia chai. Sikurudi tena kaskazini, na Eugene alikufa mwaka juzi, majani yakipukutika. Sasa kibandani anakaa mjukuu wake, Natasha, na nasikia anashusha samaki wa plastiki, na paiki wanampita kama wasiomjua.

Sasa tuje kwenu. Tangu yule mzungu mkusanya vitu vya kale alipoona picha ya samaki huyu akaacha namba yake hapa mezani, nimeyaona masikio yenu yakisimama. Kikulacho ki nguoni mwako. Basi nikafanya nilivyofundishwa: nikashusha chambo, nikafunga mlango, nikangoja. Wewe Jeptoo nilikunong'oneza kwamba yuko kwenye friza ya gereji, chini ya nyama ya mbuzi. Fiona, nilikwambia yuko kanisani, kabati la majoho ya kwaya. Duncan, wewe nilikwambia yuko kwenye stoo ya kukodi kule Anoka. Nyama ya mbuzi haijaguswa, ina barafu yake ya zamani. Majoho yamekunjwa vilevile. Lakini Jumatano wale wa stoo walinipigia simu: kufuli limekatwa.

Usiangalie viatu, niangalie mimi. Mwanangu wa pekee wa kiume, umekata kufuli la baba yako kabla hajakata roho. Kwa hiyo sehemu yako ya shamba, mbele ya dada zako hawa wawili, naiondoa na kuwa...

Unasema nini? Sema kwa Kiswahili, nife nikikuelewa.

"Nilikuwa nampelekea Natasha, Baba. Mama ndiye aliyeniagiza."

Rudia. Polepole, mwanangu.

Mama yako... Teresa alikuwa akiletewa samaki. Hapa, mlango huu, kila mwanzo wa msimu, amefungwa kwenye gazeti. Saa tatu kuja, saa tatu kurudi. Na Eugene akimwambia kwamba wa kwanza huenda kwa mama wa nyumba iliyowaazima mtu. Naye Teresa akidhani ni mimi niliyemtuma, akinipikia, nami nikimla nikiwasifu akina mama wa kanisa, nikidhani wameleta wao. Mpaka alipomkuta samaki wa mti kwenye koti langu, akaelewa, akanyamaza, na alipokuwa anakufa akamwagiza Duncan: mrudishe. Na Duncan miaka yote hii hakujua nimemhamishia wapi, mpaka mimi mwenyewe nilipomdanganya.

Mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Nimekaa gizani, nimeona kivuli, nimerusha mkuki. Nimemchoma yule mmoja ambaye hakuja kula. Nishike mkono, Duncan. Hapana, usinyamaze kama Eugene, nishike tu.

Yuko hapa. Kwenye koti la dubu mlilonifunika miguuni, nilikomrudisha nikamshonea ndani ya bitana. Mmekuwa mkimkunja kila asubuhi. Jeptoo, pasua mshono. Ndiye huyo. Usimfute, ule weusi ni wa mikono ya baba yake Eugene.

Nisikilizeni sasa, sauti inashuka. Mwende nyote watatu, kesho, barafu ikingali nzito. Duncan ndiye atakayembeba. Nunueni tumbaku, muiweke chini kabla hamjakanyaga, na asiyejua la kusema aseme asante kwa Kinandi. Kila hatua tatu, mtaimbo. Barafu ya miaka hii si... si ya kuaminiwa. Mkimkuta Natasha msimwambie baba alimpoteza. Mwambieni baba alikata uzi kwa kisu. Kisu, mkiseme. Akiwapa chai, kunyweni. Akimpata wa kwanza, mwulizeni anakwenda kwa nani, mkampeleke ninyi, hata iwe saa tatu. Hata kumi.

Shamba ni la watatu. Duncan, umesikia? Watatu. Mungu awape kifua kipana. Awape midomo ya kuuliza. Mkose... mkose vyote, msikose wa kumpelekea samaki wa kwanza.

Fiona, funga pazia. Hapana, usilie, funga tu. Na taa. Taa zikiwaka huoni chini. Hivyo. Ehe. Kijani, mpaka kokoto.

Kuna mtu anakuja. Polepole, pembeni kule. Duncan, weka mkuki chini.

Mwulizeni kwanza.