Hodi ya Saa Kumi

Benchi limeegemezwa kwenye ukuta wa nyumba ya Jalada, mfunga vitabu, pale mtaa unapopinda. Alasiri kivuli kikishalifunika, watu hukaa pale macho yamelegea, kama walioamshwa kabla usingizi haujaisha. Mwisho wa benchi ni pa Mama Kahawa na birika lake. Kinyozi wa jirani wanamwita Kamanda, maana kompyuta zote za kijiwe hiki aliziwekea mfumo wa Linux yeye mwenyewe, zilipozeeka hata kuwaka zinasuasua, na tangu hapo hashiki kipanya. Anaandika amri tu kwenye kidirisha cheusi. Wa tatu ni fundi redio, Mawimbi, ambaye kila kitu duniani kwake ni mawimbi, hata ndoa. Mwenye shida ni Jalada. Mkewe ni muuguzi, yuko ng'ambo, mwaka wa pili huu, na kila siku saa kumi, akiwa mapumzikoni, walikuwa wakiongea kwa picha kwenye kompyuta. Siku nane sasa, ikigonga saa kumi, mtandao wa nyumbani unamfia Jalada mkononi. Siku ya kwanza ulimkata mkewe katikati ya maneno. Alikuwa amesema, "Kuna jambo nataka tuliamue," akavuta pumzi, na picha ikaganda mdomo ukiwa wazi.

Mdomo ule Jalada alikuwa akiuona kila mahali. Akipaka gundi mgongo wa kitabu, anauona. Akikunja karatasi, anauona. Jioni humwandikia mkewe ujumbe kwenye simu yake ndogo ya vibonye: "Mtandao bado mbovu. Kesho." Mkewe hujibu: "Sawa." Na hiyo "sawa" kila siku ilizidi kuwa fupi, ingawa herufi zake ni zilezile nne.

— Saa ngapi? Kamanda akauliza.

— Kumi kasoro tano, alisema Mama Kahawa, akimimina.

Kompyuta ya Jalada ilikuwa mapajani mwake, ya Kamanda pembeni. Kamanda alikuwa ameandika amri ambayo yeye huiita kupiga hodi: kompyuta inaipigia hodi ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao nyumbani, kila sekunde, na ruta ikiitika, mstari mmoja unashuka kwenye kioo. Mistari ilishuka taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama matone ya bomba lisilofungwa vizuri. Jalada aliitazama mpaka kope zikawa nzito.

— Jana nilisema ni kitabu cha majina, Kamanda alisema. Kompyuta haijui majina, inajua namba, sasa kile kitabu cha kugeuza majina kuwa namba nikadhani kimeharibika. Nimebadilisha. Sicho.

— Ni kasi, alisema Mawimbi. Haraka haraka haina baraka. Mwambie apunguze kasi ya mtandao uone kama utakatika.

— Mtandao haupunguzwi kama baiskeli.

— Basi waya. Samaki mkunje angali mbichi. Ule waya wa ruta umekunjwa ukiwa mzee.

— Waifai haina waya, ndugu yangu.

— Ndiyo maana unakatika.

Mama Kahawa alicheka kidogo bila kufungua mdomo. Ikafika saa kumi. Mistari kwenye kioo cha Jalada ikashuka mitatu, ikasita, ukashuka mmoja kwa kuchelewa, ikakoma. Kwenye kioo cha Kamanda iliendelea kushuka kama kawaida.

— Haya, Jalada alisema kwa sauti ya chini. Umekwenda.

— Yangu inapita, alisema Kamanda. Ruta ileile. Ukuta uleule.

— Ni bati, Mawimbi alisema, akiegemeza kisogo ukutani. Saa kumi jua linalegea, bati linapoa, linajikunja. Mawimbi yaliyokuwa yanapita juu yanabanwa humo ndani, hayajui pa kutokea. Yanazunguka chumbani kama nyuki.

— Na yangu mbona hayabanwi?

— Yako hayana wa kumwendea.

Kamanda hana mke, na Mawimbi alijua alipogusa, akalainisha sauti.

— Nasema hivi: saa kumi ni saa ya kutamani. Kote duniani, aliye mbali anamkumbuka aliye mbali naye. Wote wanapiga kwa pamoja. Sasa yale maneno yanakutana njiani, chini ya bahari huko, yanapishana, mengine yanapotelea kwa watu wasio wao. Labda kuna mtu mahali fulani ameipata sauti ya shemeji, na yeye ameipenda, hataki kuirudisha.

— Neno likikatika, huwa linakwenda wapi? Mama Kahawa akauliza, kama anajiuliza mwenyewe.

— Haliendi. Linakaa palepale lilipokatikia, linasubiri.

Jalada alifumba macho. Akaliona neno la mkewe limekaa peke yake kwenye giza la maji, limejikunyata, mikono imekumbatia magoti, linangoja kuitwa. Akashangaa kuona kwamba hana haraka ya kuliita. Lilikuwa likikaa vizuri pale. Halimdhuru mtu.

— Hebu izime, Kamanda alimwambia.

— Nini?

— Kompyuta yako. Izime kabisa.

Jalada akaizima, kioo kikawa cheusi. Kamanda akaandika kwenye ya kwake namba ya kompyuta ya Jalada, ile namba aliyompa mwenyewe siku alipomwekea Linux, akaipigia hodi. Ilitakiwa pawe kimya. Mstari ukashuka. Ukashuka wa pili. Wa tatu.

— Umezima kweli?

— Si unaona.

— Inajibu.

Wote wanne wakainama. Mistari ilikuwa inashuka kwa utulivu, na kompyuta iliyokuwa inaitika ilikuwa mapajani pa mwenyewe, imefunikwa, imepoa.

— Inaota, Mawimbi alinong'ona. Imezoea kuitwa saa hii. Hata mtu aliyelala, ukimwita jina lake anaitika, na asubuhi hakumbuki.

Kwa muda benchi zima lilikaa likisikiliza kitu kisichotoa sauti, na Jalada akahisi kama kuna yeye mwingine humo ndani ya nyumba, anayeitikia kwa niaba yake.

Mlango ukafunguka. Akatoka baba mkwe wake, mzee aliyekuja kukaa naye tangu bintiye aondoke, ameshika rimoti ya televisheni. Wote wakajiweka sawa.

— Shikamoo baba, alisema Jalada.

— Marahaba. Nawauliza tu, wanangu. Televisheni yangu ikifika saa hii inaganda, inakwenda, inaganda. Sasa hivi imetulia ghafla. Kuna mtu kafanya kitu?

Kamanda alimtazama mzee, akaitazama rimoti.

— Mzee, hiyo televisheni inatumia mtandao?

— Mjukuu wangu aliiunganisha alipopita hapa wiki iliyopita. Naangalia habari, kuanzia saa kumi.

— Na ruta imeigawia namba, Kamanda alisema polepole, uso ukimshuka. Imeigawia namba ya Jalada. Ile niliyoiweka kwa mkono, ruta sikuiambia kwamba ina mwenyewe. Nyumba mbili, namba moja. Barua ya huyu inapelekwa kwa yule. Jamani, kosa ni langu. Siku nane natafuta mchawi, kumbe mimi.

— Mafahali wawili hawakai zizi moja, alisema Mawimbi, na ikawa methali yake ya kwanza wiki hiyo kukaa mahali pake, wala yeye hakuona tofauti.

— Lakini mngeniuliza, mzee alisema.

— Tungekuulizaje, baba? Jalada alijibu. Mtu hamhoji mkwewe na televisheni yake.

Haikuchukua dakika mbili. Kamanda akaiwasha kompyuta, akaandika amri moja, akaipa namba nyingine, akaiandikisha kwenye ruta ili isipewe mwingine. Mistari ikashuka, haikusita.

— Haya, alisema. Mpigie shemeji.

Jalada alitazama kioo. Jina la mkewe lilikuwa pale. Mkono wake ulikaa juu ya goti.

— Saa imeshapita, alisema. Atakuwa ameanza kazi. Nitampigia kesho.

— Ni kumi na robo, Mama Kahawa alisema.

— Kesho.

Mzee alikuwa hajarudi ndani. Alihamisha rimoti mkono wa kushoto.

— Mwanangu, mimi mkeo naongea naye asubuhi, kwa simu ya kawaida. Anasikika vizuri. Na wewe unayo, unamwandikia. Siku zote nane hizi, simu yako ilikuwa na nini?

Mawimbi alitafuta wimbi la kusingizia, hakulipata. Mama Kahawa aliangalia ndani ya birika. Jalada alitazama vidole vyake vyenye gundi.

Mzee akaingia ndani, akavuta mlango taratibu.

Jalada akasimama, akaenda mpaka kwenye pembe ya ukuta. Akatoa simu ndogo, akabonyeza namba anayoijua kwa moyo. Ikaita mara mbili.

— Mtandao umepona? mkewe aliuliza.

— Umepona. Nakupigia kwa hii lakini.

— Nimeona.

— Lile jambo. Nilikuwa naogopa kulisikia. Ndiyo maana.

Mkewe akasema:

— Kazini wanataka kuniongezea miaka miwili. Nimewaomba wiki moja nizungumze na wewe, wiki ikaisha, nikaomba tena. Leo wanataka jibu. Ulivyokuwa hupigi nikajua unataka nijiamulie mwenyewe, kama siku zote. Utasema, "Fanya unavyoona."

Ndilo lililokuwa kwenye ulimi wake. Alilisema siku ile mkewe alipokwenda, akalisema mkewe alipoongezewa miezi sita ya kwanza, na kila mara aliliona ni upole. Alilimeza.

— Nataka urudi, alisema.

Upande wa pili hapakusikika kitu. Akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.

— Haloo? Imekatika?

— Haijakatika, mkewe alisema. Nimekusikia. Sema tena tu.

Akasema tena.