Aliyeanza na Mguu wa Kulia

Sikilizeni wanangu. Sogezeni kiti mkae wote wawili upande huu wenye sikio zuri, na wewe binti yangu acha kunifunika miguu, maana umeifunika mara nne tangu asubuhi na mara nne imetoka yenyewe. Miguu hii imecheza miaka hamsini, haiwezi kufundishwa kutulia leo. Fungua dirisha. Basi, rudisha kidogo.

Mambo ya nyumba ni mepesi, nayamaliza kwanza. Nyumba hii ni ya binti yangu, yote, na mdogo wake asinung'unike, kwa sababu dada yake ndiye aliyekaa humu na mama yenu nilipokuwa nikizunguka shule za watu, wiki tatu hapa, wiki tatu kule, mwalimu mgeni wa dansi, nikijua majina ya utani ya watoto wa shule thelathini na nisijue wangu yuko darasa la ngapi. Uliniuliza hilo, binti yangu, siku ya mazishi ya mama yenu, nikakukaripia mbele ya waombolezaji. Sikukumbuka, mwanangu, na nilikasirika kwa kuwa ulikuwa umenipata. Nisamehe, na kama bado huwezi, usijilazimishe kwa ajili ya mgonjwa.

Sasa wewe kitinda mimba, uliyerithi kazi yangu na, pole sana, masikio yangu. Jumatatu unakwenda kufundisha kwenye ile shule yenye ukumbi wa bati, na barua yao inataka dansi iliyonipa jina, niliyoitunga palepale. Tangu unisomee barua hiyo sijatulia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeshakaa hapa ukingoni mwa godoro, kwa hiyo nasema.

Mwalimu mwenye akili huwapa wanafunzi mgongo, ili mguu wake wa kulia uwe upande mmoja na wa kwao. Mimi pale niliwafundisha nikiwaelekea, kwa kuwa nilipenda kuona wanavyonitazama. Nilikuwa na shati jekundu na kiuno bado kilikuwa kiuno. Nikiinua wa kulia, wao kama kioo wakiinua wa kushoto, na mimi nilivyolewa sifa, sikuona. Safu ya nyuma alikuwepo msichana mmoja mrefu, mkimya, ambaye kila tukianza aligongana na wenzake. Nilimrekebisha siku tano. Alijibu mara moja tu, kwa adabu, kwamba anafuata mguu wangu. Siku moja kabla ya onyesho nikasimamisha muziki, nikamwambia mbele ya wote, "Wewe ndiye Kinyume. Kaa chini, utatuharibia." Wakacheka, nikacheka nao. Kesho yake alikuja na gauni la onyesho alilokwisha kushonewa na mama yake, akakaa benchi la mbele, na dansi ilipoanza nikaona kiatu chake kinacheza chini ya benchi. Cha kulia.

Watu walisimama kushangilia. Baada ya mwezi mwalimu mkuu akaniletea mkanda wa video, nikautazama na mama yenu kwa jirani mwenye deki, nikaona wote wanaanza na kushoto. Nikadhani picha imegeuzwa. Kisha nikayaona maandishi ukutani nyuma yao, jina la shule linasomeka vizuri kabisa, nikazima deki. Darasa zima lilikwenda kinyume, na mmoja tu ndiye aliyenifuata. Mama yenu aliuliza kwa nini nimezima, nikamwambia macho yananiuma.

Ningeweza kurudi. Lakini sifa zilishatangulia na shule nyingine zinaita, nikaanza kuifundisha kwa kushoto kwa makusudi, kana kwamba ndivyo nilivyoitunga, na ndivyo na wewe unavyoijua. Dansi haikuharibika, kulia au kushoto inapendeza vilevile. Aliyeumia ni yule msichana, maana jina lile halikumbanduka.

Najua, kwa sababu miaka mitatu iliyopita nilipeleka suruali kupunguzwa kwa fundi cherehani aliye nyuma ya soko, nikasikia mteja anamwita Kinyume. Mwanamke mzima, mvi zimeanza. Alipiga goti na futi mkononi, akanitazama usoni, akasema, "Tuanze na mguu upi, mwalimu?" Nikasema wowote. Akasema, "Mimi huanza na wa kulia," akapima, akaandika. Nilikuwa nimefungua mdomo niseme, akaingia mteja mwingine, nami nikamshukuru Mungu kwa mteja yule. Aibu iliyoje. Suruali ipo nyuma ya mlango, sijaivaa hata siku moja. Majuto ni mjukuu, na wangu amekua mpaka kanizidi kimo.

Nipe maji. Tosha.

Jumatatu, kabla hujafika shule, vaa suruali ile upitie kwake. Mwambie yeye ndiye aliyekuwa sawa na mwalimu ndiye aliyekosea. Usiongeze udhuru, usiseme baba ni mgonjwa. Muulize jina lake, maana mimi sikuliuliza kamwe. Mwalike asimame mbele ya safu, na akikataa usimwombe mara mbili, ila wanafunzi uwaambie yote na jina lake ulitamke ukumbini kabla ya langu. Usitikise kichwa. Unaogopa watasema baba yako alikuwa tapeli. Waache waseme, wewe fundisha kwa kulia. Kioo kile kikubwa cha mazoezi mpelekeeni fundi huyo, wateja wake wajitazame. Binti yangu, msaidie mdogo wako kukibeba, mkishike kwa chini, kina ufa pembeni.

Mungu awape macho ya kumwona aliye nyuma. Awape wepesi wa kuomba radhi mapema, mkiwa bado mna pumzi ya... ya kutosha. Radhi zangu mnazo, wote wawili, sawa kwa sawa.

Sasa nigeuzeni. Si huku... huko, ukutani. Msilie, siwakimbii. Nawapa mgongo ili mnifuate vizuri. Huu unaocheza chini ya shuka... huu ndio wa kulia, na wenu uko upande huohuo. Mmeuona? Tunaanza kwenye nane. Tano... sita... saba...