Maziwa Yangu Katika Macho ya Wanaume

Wamama wenzangu, na ninyi wapapa mliokaa nyuma, sikuja hapa kanisani kulia. Nina hasira, na mbele ya Mungu nitaisema ilivyo.

Mume wangu anafanya kazi Lubunga, ng'ambo ya mto, kwenye karakana ya meli. Anagonga kutu kwenye matumbo ya meli kwa nyundo, vipande vya chuma vinamrukia usoni kutwa nzima. Miwani ya kazi ilikuwepo. Kapita, msimamizi wao, aliifungia kabatini, akaitoa siku ambayo mzungu mkubwa alikuja kukagua. Mzungu akiondoka, miwani inarudi ndani.

Nilipojifungua, wanaume wakaanza kupanga mstari mlangoni kwangu, macho yamevimba. Desturi yetu mnaijua: jicho likiuma, tafuta mama anayenyonyesha. Nikawakamulia maziwa machoni mmoja mmoja. Wakanitania kwamba nimezaa karakana nzima, nami nikacheka. Nilisoma kwa masista, ndugu zangu. Nilijua jicho si la kuchezea. Nikacheka hata hivyo.

Bon, basi. Siku moja mume wangu akaletwa ameshikwa mikono, chuma kimemwingia jichoni. Nikamkamulia siku tatu, mtoto analia njaa, na jicho likaoza mbele yangu. Hospitalini wakaling'oa. Mume wangu alipoamka na kupiga yowe, nikampasua muuguzi mdomo kwa ngumi, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu. Yule papa muuguzi hakunirudishia. Alifuta damu, akasema:

"Mama, kila jicho unalokamulia maziwa, kapita anakushukuru. Kesho yake analirudisha kwenye chuma."

Nawaambia, ile ngumi ilinirudia mimi.

Mume wangu akarudi kazini na jicho moja, maana watoto wanakula. Kapita akamwambia agonge vilevile, uso wazi. Basi nikavuka mto na mtoto mgongoni, nikaokota nyundo, nikapiga kufuli la kabati. Kapita akanizaba kofi mpaka mtoto akapiga kelele. Nikampiga mkononi kwa nyundo, nikasikia mfupa. Nikarudia kufuli, likavunjika. Miwani ilikuwa imefungwa tena kwenye karatasi zake. Wanaume wakavaa, wakakaa chini, wakagoma.

"Kapita, hatuvui," mume wangu akasema. "Ita polisi."

Akawaita. Nilifungwa wiki mbili pamoja na mtoto wangu. Nilipotoka, miwani ilikuwa usoni mwa wanaume, na jicho la mume wangu lililobaki linaona.

Namshukuru yule muuguzi. Mdomo wake umepona, tumesalimiana. Nawashukuru ninyi wamama mlioniletea lituma ya ndizi gerezani wakati ndugu zangu wa damu waliona haya. Na nawaonya: mume akija na jicho jekundu, usimtolee ziwa. Mpeleke hospitali, halafu uliza ufunguo wa kabati uko kwa nani.

Kapita anasali humu humu, mkono wake umepinda. Kila Jumapili ananiangalia, nami namwangalia. Mniombee nimsamehe. Leo bado sijaweza.