Maji ya Mdomo Mmoja kwa Akida Mkuu Ndahani

Mgeni rasmi, Akida Mkuu wa nchi yetu nzima, Mtemi Ndahani. Bwana Mkubwa wa boma la Wadachi, uliyeketi kulia kwake. Mkalimani Shaibu, ambaye leo tunakutegemea sana. Akina mama na akina baba.

KARIBU

Shikamoo, baba. Sisi wakazi wa Msalato tumefurahi kupita kiasi. Ulipotokea na kofia hiyo nyekundu wazee walikimbilia vichakani, wakidhani ni askari. Wamesharudi na wanaomba radhi.

Risala tumeitunga sote. Msomaji ni Loisi, mke wa Matonya. Sauti ikimtetemeka, mvumilieni.

HISTORIA

Ndahani alizaliwa hapa hapa, akachunga ndama kwenye bonde lile. Wadachi walipokuja kutaka watu wa kubeba mawe ya boma, ni yeye aliyesimama na mkuki akasema, "Thubutu! Mgogo si punda!" Tukapigana miezi miwili. Tulipozidiwa, alijificha siku tisa ndani ya kihenge cha mtama cha Matonya. Alikoroma, Mgeni rasmi. Askari mmoja akauliza mlio ule ni wa nini. Matonya akasema ni panya.

"Panya mkubwa huyo."

"Mkubwa kweli, bwana."

Siku alipotoka kihengeni alitukusanya malishoni, akaweka chini jiwe la mvua la babu yake, akatuapisha. Hapana mtu wa Msalato atakayebeba jiwe la boma mpaka yeye mwenyewe arudi, ajaze maji mdomoni, ayateme juu ya jiwe lile. Atakayevunja, mvua imkimbie yeye na uzao wake. Kisha akaenda kututafutia msaada.

(Hapa tunamwomba Shaibu akohoe badala ya kutafsiri. Ahsante, Shaibu. Bwana Mkubwa ameambiwa kwamba wakati wa vita mgeni rasmi alikuwa ukweni, amekwenda kusalimia. Nasi hatupendi kuharibu salamu za watu.)

MAFANIKIO

Msaada aliupata, tena mnono. Alirudi na kofia, kiti cha kukunja, na cheo cha kutawala nchi nzima. Jamani, vigelegele! Ni nani mwingine aliyewapinga Wadachi mpaka wakampa kiti?

Na utawala wako una maarifa, baba. Zamani askari walipita kwenye vihenge vyetu bila kuvitazama. Siku hizi kila kihenge kinachomwa mkuki kwanza, kwa amri yako. Tumejiuliza sana akili hiyo umeipata wapi.

SHIDA

Shida yetu ni moja. Mwezi uliopita uliagiza watu wa mawe. Matonya akajibu, "Nitabeba hata mlima, ila Ndahani aje ateme maji kwanza." Ukamtia minyororo. Amekula viboko hamsa ishirini, na Ijumaa anapelekwa pwani. Katika waliopelekwa huko hatujamwona aliyerudi.

Baba, Matonya si mkaidi. Wewe ulimwambia asibebe, naye hakubeba. Kosa lake ni kwamba hakuambiwa umebadilika.

Tunaomba mtuwie radhi kidogo, msomaji anafuta machozi.

OMBI

Hatuombi shule wala kisima. Tunaomba maji ya mdomo mmoja. Jiwe la babu yako liko miguuni pako, tumelifunika kwa shuka. Kibuyu kiko mezani, maji ni safi, Loisi ameyachota mwenyewe asubuhi. Ukitema, kiapo kimefunguka. Kesho sote tutabeba mawe, na Matonya atatangulia mbele, na mgongo wake huo huo wenye vidonda.

Tunaujua ugumu wako. Bwana Mkubwa atauliza maji hayo ni ya nini, na Shaibu hawezi kukohoa mpaka jioni. Lakini aliyefunga ni wewe, hakuna mwingine wa kufungua. Na wahenga walisema, mficha uchi hazai.

Kama huna kiu, basi, hatukulazimishi. Tutaendelea kumtii yule Ndahani wa kihengeni, maana yeye hajatupa ruhusa ya kukutii wewe.

Mvua ikunyeshee, ng'ombe wako wazae, na mate yasikukauke mdomoni.

Ni sisi watu wako wa Msalato, tungali kiaponi.