Dirisha Alilotuachia Optatus Chini ya Mashine

Ndugu, majirani, watani zetu, na nyie mliotembea tangu alfajiri kutoka Sitalike, poleni kwa safari. Kabla udongo haujachukua chake, tusikie aliyelala hapa alikuwa nani.

Marehemu Optatus Ponsian Kasonso alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji cha Mamba, huko Mpimbwe. Alikuwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa mzee Ponsian Kasonso na mama Natalia, ambao wote wametangulia. Wa kwanza ni Nathanael, huyo aliyekaa mbele kwenye kiti chenye mto. Wa pili ni Immaculata. Mama Natalia alikuwa akisema kwamba mtoto huyu aliota meno kwa kung'ata mpini wa jembe. Nathanael alipompiga, na alimpiga sana, mzee Ponsian aliamua ugomvi kwa kumwongezea mdogo viboko, ati ajifunze kumheshimu mkubwa. Optatus hakuwa mtu wa kulia. Alikwenda nyuma ya nyumba, akaokota kipande chochote cha chuma, akakaa nacho mpaka machozi yakauke bila kutoka.

Alisoma shule ya misheni hapo hapo Mamba mpaka darasa la nne, mwaka 1963. Alifaulu. Mzee akamwita pamoja na Nathanael, akamwambia Optatus, "Mwenzio ana kichwa, wewe una mikono. Kichwa kinakwenda mbele, mikono inabaki shambani." Nathanael akaendelea na shule kwa mpunga aliolima Optatus.

Mwaka 1969 alikuja Mpanda mjini kutafuta kazi. Alibeba mizigo stesheni, akafagia gereji, akafukuzwa gereji. Mwaka 1973 alikutana na mzee Libérat, mkimbizi kutoka Burundi aliyekuwa kwenye makazi ya wakimbizi ya Katumba, fundi wa kufufua mashine zilizotupwa. Wakati ule mashine za namna hiyo zilikuwa nyingi huku kwetu: pampu, winchi na injini za mgodi wa zamani, zimelala porini na nyoka wamezaa ndani yake. Watu walidhani kufufua mashine ni kuifungua na kuifunga. Libérat alimwambia, "Kwanza uivue nguo. Chuma kilichovaa rangi kinakudanganya. Ufa wote uko chini."

Akamfundisha kuvua. Majivu ya magunzi ya mahindi yalichujwa, maji yake yakachemshwa na chokaa, kisha mashine ikapakwa ule ute mkali na kufunikwa magunia yaliyolowa, ikalala hivyo mpaka rangi ivimbe kama ukoko wa uji na kutoka kwa kijiti. Haikuwa kazi ya haraka. Sheria ya Libérat ilikuwa moja: rangi ya zamani hulowekwa, haikwaruzwi ikiwa kavu, na wala haichomwi moto, kwa sababu vumbi lake na moshi wake ni sumu. Wanawake wa Ilembo ambao Optatus aliwaomba majivu walimwita Baba Jivu. Aliitikia.

Jambo jingine alilofundishwa ni dirisha. Kila mashine waliyoivua, waliacha mahali padogo kama kiganja chini ya kitako chake, wakapavua hatua kwa hatua kama ngazi, ili kila rangi ionekane: kijani, chini yake kijivu, chini yake ile nyekundu ya kwanza, halafu chuma chenyewe. "Mwenye mashine akiuliza ilikuwa nani kabla yake, achungulie," Libérat alisema. Mzee huyo alifariki mwaka 1985. Tangu hapo, hapa Mpanda, mashine yenye dirisha ilikuwa imepita kwenye mikono ya Optatus na si ya mtu mwingine.

Marehemu alifunga ndoa na Minza, binti wa mzee Kija wa Sitalike, tarehe 7 Oktoba 1978. Upande wa bibi harusi walisikitika waziwazi. Malale, kaka yake Minza, alisema mbele ya wageni, "Dada yetu anaolewa na mtu asiye na hata mbuzi wa kumkimbiza. Sijui atachunga vyuma?" Siku hiyohiyo, maharusi walipotakiwa kupanda gari, bwana harusi hakuonekana. Alikutwa amechutama na suti yake, anaparua mlango wa gari kwa ukucha. "Minza, njoo uone," akasema, "chini ilikuwa bluu." Minza alicheka mpaka shela likamdondoka. Mpaka juzi alikuwa akisema kwamba ndipo alipompenda; kabla ya hapo alikuwa ameozwa tu.

Mwishoni mwa mwaka 1993 Nathanael, ambaye sasa alikuwa mfanyabiashara, alileta mashine ya kusaga na injini yake kutoka kwenye vichaka vya mgodini. Ilikuwa imepakwa rangi juu ya rangi mpaka herufi zake zimezama. Akamwambia mdogo wake, mbele ya Minza na Immaculata, "Ikisaga kabla ya mavuno, ni yako. Mimi nitakuja na debe langu kama mteja mwingine."

Optatus hakuwahi kumiliki kitu kinachounguruma. Aliposikia neno "yako" aliingia ndani, akatoka, akaingia tena.

Alianza kwa magunia na majivu kama alivyozoea. Nathanael akaja kuangalia. "Unaipikia uji? Mahindi yameshaota wewe bado unailaza kama mzazi! Choma hiyo rangi. Kwaruza." Optatus akajibu kwamba rangi ile ya chini ni mbaya ikiwa kavu. "Mbaya kwa nani? Umekuwa daktari? Basi nimpe mwingine." Neno hilo ndilo lililomshinda. Aliingia kwenye stoo ya bati, akafunga mlango upepo usimsumbue, akachoma, akakwaruza na kusugua kwa brashi ya waya na msasa, miezi mitano. Alikuwa akitoka na nyusi nyekundu, anatema mate mekundu, anakula ugali kwa vidole vyekundu. Watoto wake walimcheka, naye akacheka nao.

Mwezi Juni 1994, mavuno bado hayajaanza, mashine ilisaga. Alipaka rangi mpya, akaacha dirisha chini ya kitako. Nathanael akaihamishia uani kwake karibu na soko, "kwa usalama, mdogo wangu, huku kwako hakuna ukuta." Ikakaa huko. Optatus alipokwenda kuuliza, alipewa soda.

Ugonjwa ulianza Novemba 1995. Tumbo lilimkamata kama linakamuliwa, fizi zikapiga mstari wa bluu, kisha mkono wa kulia ukafa kifundoni, ukaning'inia. Walimwengu hawakuchelewa. Wengine walisema ni ule ugonjwa wa siku hizi, wakaacha kumpa mkono, mkono wenyewe ambao hakuweza kuunyoosha. Wengine walisema mizimu ya mgodini inadai chuma chake. Nathanael alimwona njiani akamwambia mbele za watu, "Mkono umelala? Uamshe kwa kazi, sisi wengine tunaamka saa kumi." Daktari mmoja aliyepita Mpanda ndiye aliyemtazama fizi, akauliza kazi yake, akasema ni madini ya risasi yaliyokuwa kwenye rangi, yameingia na vumbi. Akasema awahishwe Mbeya.

Lori la Nathanael lilikuwa linakwenda Mbeya kuchukua vipuri. Minza alikwenda kumwomba kwa magoti. Wakati huo watu kwenye foleni ya unga walikuwa wanainama, wanaonyeshana lile dirisha, wanaulizana, "Si ya Baba Jivu hii?" Nathanael akasema, "Aje kwanza afute hilo doa lake. Akifuta, anapanda lori."

Alipelekwa huko uani kwa kaka yake kwa baiskeli. Akalala chali chini ya mashine, kikwaruzo kwenye mkono wa kushoto, watu wa foleni wanatazama. Alitazama lile dirisha kwa muda mrefu: kijani, kijivu, nyekundu, chuma. Kisha akasema, na Minza alikuwa karibu akasikia, "Kaka, ukitaka kulifuta, futa wewe. Lakini lowanisha kwanza, lisije likakuua na wewe."

Nathanael akajibu, "Basi baki na dirisha lako, uchungulie."

Lori likaondoka na nafasi mbili wazi mbele.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Ilembo, Jumanne tarehe 18 Machi 1997, saa tisa alasiri, kichwa chake kwenye mapaja ya mkewe. Maumivu yalikuwa makali mpaka mwisho. Atakayewaambia alilala kama mtoto anawadanganya.

Maneno haya yaliandikwa jana, na yameongezwa leo asubuhi, kwa sababu ya mlichokiona. Malale na watani wenzake wa Sitalike walifika na kuanza kazi yao ya utani. Malale aliingia na mkono wake unaning'inia: "Nisalimieni haraka, jamani, kabla haujadondoka!" Wengi walicheka, na Minza naye alicheka huku analia, kwa kuwa ndiyo dawa ya utani. Kisha wakatoka. Waliporudi walikuwa na mkanda wa ile mashine ya kusaga, wakauzungusha juu ya jeneza, wakaufunga fundo.

Nathanael akasema, "Malale, huo ni mkanda wa mashine, si kamba ya ng'ombe."

"Shemeji," Malale akamjibu, "ng'ombe wetu tunamjua kwa alama. Huyu wako ana alama chini ya tumbo. Tuambie tu ni wa nani, tufungue, tuzike."

Mnajua mtani hafukuzwi msibani, wala fundo lake halifunguliwi na mwenye msiba. Ndiyo maana leo Mpanda sokoni hakusagwi kitu, na jeneza liko juu ya ardhi jua likiwa limepanda hivi.

Marehemu ameacha mjane, Minza. Watoto watatu, Jeniffer, Kija na Agape. Dada yake, Immaculata, ambaye alisikia neno la mwaka 1993 na yuko tayari kulirudia. Na kaka yake, Nathanael. Minza haombi gari, wala mchele, wala maneno mazuri. Anaomba mashine aliyoahidiwa mumewe, isage kwa ajili ya watoto wake.

Anayesoma atanyamaza hapa ili kaka wa marehemu asimame na kusema, kwa kinywa chake, ile mashine ni ya nani.

Naye Optatus, udongo umlainishe polepole, usimkwaruze. Apumzike kwa amani.